Toleo Lisilosema

Chumba cha mafunzo namba mbili
Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama tusingekatiana simu kabla sijamaliza kukueleza neno langu. Mara ya kwanza nilikata mimi, mara ya pili ukakata wewe, na sitaki tuendelee kubamizana milango hewani kama wapangaji wanaogombea bafu. Kwa hiyo naandika. Nawe nijibu kwa nukta nundu, kwa ile kalamu ya chuma niliyokufundishia ulipokuwa na miaka saba. Sitaki barua yako nisomewe na katibu wa chuo. Yule anasoma vizuri, ila anapumua sana penye siri.

Mama yako hajambo. Goti limetulia, lakini mkongojo ameukataa. Anasema ni wa wazee, na yeye ana miaka sabini na moja tu. Binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kike mnene mwenye sauti ya mnadi. Bati la jikoni bado linavuja pale pale.

Sasa neno lenyewe. Alhamisi fundi wa kompyuta alikuja na toleo la majaribio la ule mfumo endeshi wenu, huo mnaoutoa kila baada ya miaka miwili na ambao mashine zetu zote kumi na mbili zinautumia. Akaliweka kwenye mashine ya kumi na mbili, akasema ndilo litakalotoka Juni, na kwamba limependeza mno. Mimi sina namna ya kujua kama limependeza. Ninachojua ni kwamba nilivaa visikizi, nikabonyeza, nikangoja yule msomaji wetu aliye ndani ya kompyuta anitamkie kilichopo kwenye skrini, na hakutamka kitu. Nikadhani waya umechomoka. Haukuchomoka. Mashine inaunguruma, ina uhai, ila imenyamaza kama mtu aliyekasirika.

Nina wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima wote, wasioona wote, wanaojifunza kuchapa na kupokea simu za ofisi. Mtihani wao ni Septemba. Wewe ndiye mkuu wa toleo. Niambie: ni ninyi mliofanya hivi, au fundi amekosea?

Msalimie mkazamwanangu.

Shangazi yako

⁂

Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Vidole vimesahau kazi hii, nimeharibu karatasi tatu kabla ya kupata hii. Sisi wazima. Tumehamia ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kutwa nzima tunasikia watu wakionywa wasiguse. Mke wangu anakusalimu sana, amepandishwa cheo pale maabara. Hongera kwa mjukuu. Kwa hiyo sauti, atakuwa amekurithi wewe.

Fundi hakukosea. Nikueleze jinsi mambo yalivyo.

Toleo letu linaitwa thabiti kwa sababu halibadilikibadiliki. Hospitali, shule na ofisi wanaliweka, na kwa miaka mitano hawaamki asubuhi wakakuta vitu vimehamishwa. Ili liwe hivyo, kila mara tuna siku ya kufunga mlango. Ikishapita hiyo, hakiingii kipya, tunarekebisha tu kilichomo. Safari hii tulifunga katikati ya Januari.

Wiki moja baadaye, wale wanaotengeneza sebule wakatoa sebule mpya. Sebule ndivyo tunavyoiita ile sehemu ya mfumo yenye vitufe na madirisha, mahali mtu anapofikia akiwasha kompyuta. Wakasema hawataishughulikia tena ya zamani. Mwenzetu mmoja, tunamwita Chapuchapu, ameomba mlango ufunguliwe kidogo ipite hiyo mpya. Alichokuwekea fundi ni jaribio lake. Msomaji hakuelewana na sebule mpya, hilo linajulikana.

Suala liko mezani, bado linajadiliwa. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao

⁂

Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ameanguka sokoni. Hakuumia, ila ameumia heshima, na sasa mkongojo anautumia huku akidai ni wa kufukuzia mbwa. Mjukuu anasumbuliwa na tumbo, analia kuanzia adhuhuri mpaka babu yake anatoka nje.

Umeniandikia: "Usiwe na wasiwasi." Nimelipitia neno hilo kwa kidole mara nne. Mtu anayeambiwa asiwe na wasiwasi ameshaamuliwa jambo na hajaambiwa.

Nikupe habari ya mwanafunzi wangu mmoja. Tunamwita Dereva kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na saba, lori la saruji, mpaka sukari ilipomla macho. Ana miaka arobaini na sita. Alipokuja kwetu alikuwa hazungumzi, analetwa kwa mkono na mkewe kama mzigo. Leo anachapa maneno arobaini kwa dakika na anawacheka wenzake wanaochapa thelathini. Juzi alikuja mapema, akakaa kwenye mashine ya kumi na mbili bila kujua ndiyo ipi. Niliingia nikamsikia anabonyeza, anangoja, anabonyeza. Muda mrefu. Halafu akauliza, "Mwalimu, hii imekufa, au nimekufa mimi?"

Nikamwambia mashine ni mbovu. Nilimdanganya. Mashine ni nzima kabisa, imetengenezwa na watu wenye akili zao, na mmoja wao nimemlea mimi.

Unasema "msomaji hakuelewana na sebule mpya, hilo linajulikana." Linajulikana na nani? Mtu akinijengea nyumba isiyo na mlango upande wangu, haniambii kwamba mimi na ukuta hatukuelewana! Najua kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kidonda kiko mwilini mwangu, na kinyemi kiko machoni pa huyo Chapuchapu wako.

Nina maswali matatu, na nataka majibu matatu. Nani anaamua? Nani ameijaribu hiyo sebule akiwa hatazami skrini? Na wewe, katika kujadiliana huko, umesema nini?

Shangazi yako

⁂

Tarehe 18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mama, nimeshaongea naye kwa simu. Huku wazima.

Kikao kimekaa. Sebule mpya inaingia.

Najua utakasirika, lakini na mimi nina la kusema. Tuko watu tisa. Hakuna hata mmoja anayelipwa. Mimi mchana natengeneza mitambo ya benki ya watu wengine, na haya nayafanya Jumamosi, mke wangu akienda kwa ndugu zake peke yake. Kila siku nafungua barua za watu nisiowajua wakinitukana: mmoja kwa kuwa vitu vyetu ni vya kizamani, mwingine kwa kuwa tumebadilisha rangi ya kitufe. Tukileta kipya sisi waharibifu, tukibaki na cha zamani sisi wazembe.

Sebule ya zamani ina tundu. Si maneno yangu, limethibitishwa. Mwizi anayelijua anaweza kuingia kwenye kompyuta ya hospitali na kusoma habari za wagonjwa. Wenye kuitengeneza hawataliziba tena. Nikiibakisha, nani ataizibaziba miaka mitano? Wewe mwenyewe ulinifundisha nisiegemee nguzo iliyooza. Sasa nimeikataa nguzo iliyooza na bado nagombezwa.

Msomaji atarekebishwa toleo lijalo. Ni miaka miwili tu.

Mwanao

⁂

Tarehe 6 Mei

Kwako mkuu wa toleo,

Nyumbani wazima. Salamu zimekwisha.

Niliuliza maswali matatu, ukanijibu moja. Kwa hiyo la tatu nimelitafuta mwenyewe. Ulisahau kwamba kumbukumbu za vikao vyenu mnazibandika kwenye mtandao ili kila mtu asome. Na ulisahau kwamba mimi ni mtu, na nasoma.

Nilikaa kwenye mashine ya kwanza, yenye mfumo wa zamani, hiyo nguzo yenu iliyooza. Nikafungua. Msomaji akanisomea kikao chote, dakika thelathini na tano, kwa ile sauti yake isiyo na hasira wala huruma. Akanisomea maneno ya Chapuchapu. Akanisomea maneno ya mmoja aliyesema ingefaa waulizwe wasioona, na sikumsikia mtu akimjibu. Halafu akataja cheo chako, akasoma: "Watumiaji watakaoathirika ni wachache. Naidhinisha."

Nikamrudisha nyuma asome tena. Akasoma vile vile, sauti ile ile. Wachache. Naidhinisha.

Wanafunzi walikuwa wanaingia. Nikavua visikizi.

Wachache! Ulipokuwa na surua, ulilala siku tisa kwenye chumba chenye giza na mimi ndiye niliyekaa nawe, kwa sababu giza halinisumbui. Mkono uliokuonyesha herufi ni wa hao wachache. Shati uliloendea usaili wa kazi yako ya kwanza lilipigwa pasi na wachache, na halikuungua mahali.

Tundu nimelisikia. Sisemi wagonjwa waibiwe siri zao. Mimi nina hasira, si mjinga. Lakini kati ya kuliacha tundu wazi na kutufungia nje, hapakuwa na njia ya tatu? Mliitafuta kwa muda gani? Kumbukumbu zinasema hoja hiyo ilichukua dakika sita, na kabla yake mlijadili picha ya ukurasa wa kwanza dakika ishirini na mbili. Nimehesabu.

Na hiyo "miaka miwili tu" mwambie Dereva wewe mwenyewe. Ofisi zitakazowaajiri watu wangu zitaweka toleo lenu jipya Julai. Mtu anafaulu Septemba, anapelekwa kazini Oktoba, anawekwa mbele ya mashine iliyonyamaza. Utamwambia mwajiri wake angoje miaka miwili tu?

Nakuagiza jambo moja, na hili si ombi. Funika skrini yako. Fanya kazi siku moja nzima na hilo toleo lako. Kisha niandikie. Na usiniite shangazi kwenye barua hiyo. Niite Wachache.

Mwalimu, chumba namba mbili

⁂

Tarehe 11 Juni

Kwa Wachache,

Shikamoo.

Nilifunika skrini kwa taulo la kuogea, nikabana ncha kwa vibanio vya nguo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa tatu. Nikavaa visikizi, nikawasha.

Saa tatu na dakika arobaini nilikuwa bado sijaingia. Lile dirisha la kwanza linalodai neno la siri halisemi chochote. Sikujua kama limefunguka. Nikaandika neno langu la siri, nikangoja, nikaandika tena. Baadaye nilipochungulia nikakuta nimeliandika mara mbili mahali pa jina, wazi, kila mtu angelisoma. Mimi niliyesema habari za wezi! Nikaanza upya. Nilipofanikiwa kuingia, msomaji akasema neno moja, "dirisha," akanyamaza. Kila nilipobonyeza: dirisha. Dirisha. Dirisha. Mke wangu alipita akaniuliza, "Mbona unatukana peke yako?" Sikujua kwamba natukana.

Saa sita nikaondoa taulo. Sikumaliza hiyo siku uliyoniagiza. Nakwambia kweli, sikuweza.

Jibu la swali lako la pili ni: hakuna. Hakuna hata mmoja kati yetu tisa aliyeijaribu. La tatu umeshalisoma. Nilipokuandikia mwezi wa tatu kwamba suala linajadiliwa, nilikuwa nimeshaamua moyoni. Sikutaka kulitamka kwako, nikalitamkia watu nisiowaona uso.

Jumatatu niliitisha kikao cha mtandaoni. Nilisema naondoa idhini yangu. Chapuchapu akaniuliza, "Si uliidhinisha mwenyewe?"

"Niliidhinisha."

"Kwa maneno yako, kwenye kumbukumbu."

"Kwa maneno yangu."

"Sasa umeona nini ambacho hukukiona Aprili?"

"Sikuona kitu," nikamwambia. "Saa tatu nzima sikuona kitu. Hiyo ndiyo hoja yangu."

Wakacheka wawili, halafu wakaacha. Nikawaambia wafunike skrini zao, pale pale, kila mtu alipo, tuendelee na kikao wakishaingia. Tukangoja. Nusu saa ikapita. Aliyerudi wa kwanza ni yule aliyesema Aprili ingefaa mwulizwe. Akasema, "Nimeshindwa." Wakafuata wengine mmoja mmoja. Chapuchapu alirudi wa mwisho, na nadhani alikuwa amejaribu kwa bidii kuliko sisi sote. Akasema, "Sawa. Lakini tundu je? Hasira haizibi tundu."

Alikuwa na haki. Na wewe ulikuwa na haki. Njia ya tatu ipo, ila ni ya kuchosha, ndiyo maana hatukuitafuta: unachukua ule ufumbuzi uliomo kwenye sebule mpya, unaukata kama kiraka, unaushona kwenye ya zamani kwa mkono, halafu unajaribu kila kona kama nguo haijavuta. Inachukua wiki sita. Toleo linachelewa. Na anayelitaka lazima aahidi kushona kila tundu litakalotokea kwa miaka mitano.

Nimeahidi mimi. Kura zilikuwa tano kwa nne. Sebule ya zamani inarudi. Mpya itakuwepo pembeni kwa anayeitaka, aichague mwenyewe.

Cheo nimekiacha. Walisema mtu aliyeidhinisha bila kujaribu hafai kuongoza kujaribu, nami nikaona wamesema kweli. Chapuchapu ndiye mkuu wa toleo sasa. Usimchukie. Ndiye aliyenipa kipande cha kwanza cha kiraka, na hajanidai shukrani.

Mwanao, kama bado

⁂

Tarehe 8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Bado.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, nilitaka mambo yaishe kwanza. Mama yako yu mzima, ameanza kuukodishia jirani mkongojo akienda mjini. Mjukuu ameota meno mawili na ananing'ata kidole hiki ninachosomea. Bati la jikoni halijazibwa, ukija uje na kiraka, maana nasikia umekuwa fundi.

Toleo lilifika Agosti. Fundi akaliweka kwenye mashine ya kumi na mbili. Darasa zima likasimama nyuma yangu, nasikia pumzi zao. Nikabonyeza. Msomaji akasema, "Karibu. Andika jina lako." Dereva akapiga kofi mezani mpaka kibodi ya jirani ikaruka.

Kati ya kumi na mmoja wamefaulu tisa. Dereva amepata kazi ya kupokea simu kwenye hospitali kubwa, na mashine aliyowekewa ina mfumo huo huo. Wiki ya kwanza alinipigia simu, akanipokea kwa ile sauti ya kazini, "Habari ya asubuhi, nikuunganishe na nani?" Nikamwambia, mwanaharamu, ni wewe uliyenipigia. Tukacheka. Mkewe siku hizi hamleti kwa mkono. Anakwenda mwenyewe.

Wale wawili waliofeli watarudia Machi. Mmoja alifeli kwa woga, mwingine kwa uvivu. Hao siwezi kukulaumu nao.

Nimeyasema yote mazuri. Sasa sikiliza, kwa sababu hasira yangu haijaisha, imehama tu.

Nilipomweleza Dereva jinsi ilivyokuwa, nilidhani atafurahi. Yeye akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, tumepona kwa sababu ana shangazi?" Tangu siku hiyo nalala na kuamka na swali hilo. Mahali fulani kuna chumba kama hiki, kina mwalimu kama mimi, na hana mpwa kwenye timu yenu. Angeandika barua kwa nani? Angemkatia nani simu? Huyo angeambiwa ni wachache, na ndio ungekuwa mwisho wa maneno.

Kwa hiyo nina swali moja, na nakuomba usinijibu haraka. Kama yale ya Mei ungeandikiwa na mtu usiyemjua, tena kwa ukali ule ule, ungeifunika skrini yako?

Shangazi yako

⁂

Tarehe 2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima wote. Mke wangu anasema tutakuja Desemba, na bati nimeshanunua.

Uliniambia nisijibu haraka. Nimekaa na swali lako wiki mbili. Nilianza barua mbili za kujitetea, nikazichana.

Jibu ni hapana. Ningesoma mistari miwili, ningesema huyu naye, ningefunga.

Nimemwomba Chapuchapu kazi ambayo kila mtu kwenye timu huikimbia: kupokea malalamiko ya watu tusiowajua na kuyajaribu moja moja kabla mlango haujafungwa. Amenipa siku hiyo hiyo, bila kuuliza. Kulikuwa na kumi na manne yakingoja, mengine ya tangu mwaka jana. La kwanza limeandikwa na mtu asiyetaja jina wala mahali alipo. Mikono yake inatetemeka kwa ugonjwa, na anasema vitufe vyetu ni vidogo mno kuvilenga. Kurasa mbili, matusi mwanzo hadi mwisho.

Nimeanza kumjibu. Nimeandika, "Shikamoo."

Mwanao